Shauri Lililokwisha Kabla ya Kufunguliwa

Waheshimiwa, mawakili wenzangu, wasaidizi wa kisheria mliosafiri usiku ili muwe hapa, ndugu zangu nyote: itifaki imezingatiwa. Nianze na neno letu wenyewe.

Kesi sisi tunaiita shauri. Neno hilohilo ndilo lililotuzalia ushauri na kushauriana. Mtu akikwambia "hebu tufanye shauri", hakuiti kortini. Anataka mkae, mlitazame jambo kabla halijaamuliwa. Kisha neno likaingia mahakamani, likapewa namba ya jalada na mhuri, na ile maana ya kukaa pamoja ikaachwa mlangoni. Leo nazungumzia watu walioachwa nayo hapo mlangoni, yaani waliotendewa uhalifu. Na sitazungumzia kesi nzima. Nitabaki kwenye kipindi kimoja kifupi, kati ya siku malalamiko yanapopokelewa polisi na siku hati ya mashtaka inapowasilishwa. Katika kipindi hicho mwathiriwa anastahili kuambiwa nini? Je, kuna anayewajibika kumuuliza?

Mfano wangu ni Marekani. Najua mtasema tumechoshwa na mifano ya huko. Nimeichukua kwa sababu wanayo sheria iliyoandikwa, tena imevutwa mahakamani pande zote hadi tumeona inapochanika. Na pia kwa sababu mojawapo ya kesi nitakazozieleza inawahusu watu waliokuwa wamebakiza saa chache kutua Nairobi.

Mashtaka ya jinai huandikwa kwa jina la dola: Marekani dhidi ya fulani. Aliyevunjiwa nyumba, aliyenajisiwa, aliyefiwa na mtoto, jina lake halimo kwenye kichwa cha kesi. Akihitajika ataitwa shahidi, atasema alichokiona, kisha ataonyeshwa njia ya kutokea. Mwaka 1982 msichana mmoja wa chuo, Stephanie Roper, aliuawa katika jimbo la Maryland. Kesi ya waliomuua iliposikilizwa, wazazi wake walizuiwa kuingia ndani. Mama mzazi anakaa kwenye benchi la nje huku wageni wakisimuliwa jinsi mwanawe alivyokufa. Vuguvugu la haki za waathiriwa nchini humo lilijengwa na watu wa namna hiyo, wazazi zaidi kuliko wanasheria.

Baada ya juhudi za kurekebisha Katiba kukwama, maseneta wawili wa vyama tofauti, Jon Kyl wa Arizona na Dianne Feinstein wa California, walipeleka muswada wa kawaida. Rais George W. Bush aliutia saini tarehe 30 Oktoba 2004. Ndiyo Sheria ya Haki za Waathiriwa wa Uhalifu, na jina lake kamili limebeba majina ya watu watano waliouawa, Roper akiwa mmoja wao. Sheria hiyo inampa mwathiriwa haki ya kuarifiwa mapema na kwa usahihi kuhusu vikao vya wazi. Inampa haki ya kusikilizwa mtuhumiwa anapoachiliwa, anapokiri kosa au anapopewa adhabu. Inataka atendewe kwa haki na utu wake uheshimiwe. Halafu kuna ile iliyotuleta hapa: haki, kwa kadiri inayofaa, ya kushauriana na mwanasheria wa Serikali katika kesi.

Maneno mawili ya mwisho yashikeni: *katika kesi*. Yamekula miaka ya watu.

Wizara ya Sheria ya Marekani iliyasoma hivi: kama hakuna mashtaka, hakuna kesi, na kama hakuna kesi, hakuna haki ya kushauriana. Desemba 2010 ofisi yake ya ushauri wa kisheria iliuweka msimamo huo kwenye maandishi. Lakini sheria hiyohiyo inawaagiza maofisa wanaogundua, wanaopeleleza na wanaoendesha mashtaka wafanye kila wawezalo waathiriwa wapate haki zao. Kwa nini imtaje mpelelezi, ikiwa haki zinaanza baada ya yeye kumaliza kazi yake? Na ipo sehemu inayosema maombi yapelekwe kwenye mahakama anakoshtakiwa mtuhumiwa, au, kama hakuna mashtaka yanayoendelea, kwenye mahakama ya eneo uhalifu ulikotendeka. Mimi nikiisoma naona mtungaji alikuwa anautazama usoni muda wa kabla ya mashtaka. Majaji wengine hawakuona hivyo.

Tuingie Florida.

Mwaka 2005 polisi wa Palm Beach walianza kumchunguza tajiri mmoja, Jeffrey Epstein, baada ya mzazi kulalamika kwamba binti wa miaka 14 alidhulumiwa kingono. Jalada likafika FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu. Waathiriwa zaidi ya 30 wakatambuliwa, wengi wao wasichana wa umri wa shule. Mwanasheria wa Serikali akaandaa rasimu ya hati ya mashtaka ya kurasa 53. Rasimu hiyo haikuwahi kufika mahakamani. Tarehe 24 Septemba 2007 ofisi ya mwendesha mashtaka wa serikali kuu katika eneo hilo, iliyokuwa chini ya Alexander Acosta, ilitia saini makubaliano ya kutoshtaki. Epstein angekiri makosa mawili katika mahakama ya jimbo, na serikali kuu isingemshtaki katika eneo hilo la Florida. Ahadi hiyo iliwafunika pia watu wanne waliotajwa kwa majina, pamoja na yeyote mwingine aliyeweza kuwa mshirika wake. Pande zote zilielewana kwamba karatasi hiyo haitawekwa kwenye kumbukumbu za umma.

Sasa sikilizeni hapa, maana siku nyingine mtaikuta barua ya aina hii mkononi mwa mtu aliyekuja kwenu kutafuta msaada. Januari 2008, zaidi ya miezi mitatu baada ya saini, waathiriwa walipokea barua za FBI. Ziliwaambia kesi bado inapelelezwa, kazi hiyo huweza kuchukua muda mrefu, na wanaombwa waendelee kuwa na subira.

Subira ya nini? Jambo lilikuwa limekwisha. Lakini ukizitazama barua zile kama karani anavyozitazama, waathiriwa *walikuwa wamearifiwa*. Ndiyo maana sipendi taarifa na mashauriano vichanganywe kana kwamba ni kitu kimoja. Taarifa inaweza kutumwa na mashine. Inaweza kusema kweli nusu, au uongo mtupu, na bado kisanduku chake kikatiwa alama ya vema. Kushauriana kunahitaji mtu aketi mbele ya mtu na amwambie: tunafikiria kufanya hivi, wewe unasemaje? Na kunahitaji uamuzi uwe bado haujafanywa, la sivyo ni maigizo.

Tarehe 30 Juni 2008 Epstein alikiri makosa yale mawili ya jimbo. Akapewa miezi 18, akatumikia kama 13, na sehemu kubwa ya muda huo aliruhusiwa kutoka mchana kwenda ofisini kwake. Wiki moja baada ya kukiri kwake, tarehe 7 Julai, mwathiriwa aliyeandikwa kama Jane Doe wa 1, jina la kumficha, alifungua maombi ya dharura. Yaliitwa ya dharura. Yakachukua miaka 11. Februari 2019 Jaji Kenneth Marra wa mahakama ya serikali kuu huko Florida aliamua kwamba Serikali ilivunja sheria ya 2004 kwa kuwaficha waathiriwa makubaliano hayo na kuwapotosha. Julai mwaka huo Epstein akakamatwa kwa mashtaka mapya ya New York, na Agosti akafa mahabusu. Jaji Marra akasema basi, hakuna tena nafuu ya kutoa.

Rufaa ikaenda Mahakama ya Mzunguko wa 11, mahakama ya rufaa ya serikali kuu kwa eneo la Florida. Aprili 2020 majaji wawili kati ya watatu waliwakatalia waathiriwa. Uamuzi wao uliyaita mambo yale fedheha ya taifa, kisha ukasema sheria haiwafikii kabla ya mashtaka. Mwaka uliofuata jopo kamili la mahakama hiyo likakaa, kura 7 kwa 4, likafika palepale kwa njia nyembamba zaidi: hata kama haki zipo, mwathiriwa hawezi kujiendea mwenyewe mahakamani kuzidai wakati hakuna kesi ya jinai inayoendelea. Februari 2022 Mahakama ya Juu ikakataa kulisikiliza suala hilo.

Tafakarini maana yake. Haki ya kushauriana haiwezi kudaiwa mpaka mashtaka yafunguliwe. Makubaliano ya kutoshtaki yanahakikisha mashtaka hayafunguliwi. Kwa hiyo Serikali ikitaka kuikwepa haki hiyo, njia salama kuliko zote ni kumsamehe mhalifu mapema. Majaji wanne wa upande wa wachache waliliona hilo na wakaliandika kwa ukali, na mimi naona wao ndio walioisoma sheria vizuri.

Mwaka 2015 Bunge lilikuwa limeongeza haki ya kuarifiwa mapema kuhusu makubaliano ya kukiri kosa na yale ya kusimamisha mashtaka. Soma orodha hiyo mara mbili. Makubaliano ya kutoshtaki kabisa, yale yale ya Florida, hayakutajwa.

Nisiwaonee waendesha mashtaka. Hoja zao nyingine ni nzito. Kabla ya mashtaka, nani ni mwathiriwa? Anayejiita hivyo anaweza kuwa mwongo, au mtuhumiwa wa kesho. Upelelezi una siri zake. Ukimwambia mtu mmoja leo, kesho mshukiwa yuko uwanja wa ndege. Hayo yana majibu. Sheria inasema haki ni ya kadiri inayofaa, na waathiriwa wakiwa wengi mno mahakama inaruhusiwa kubuni utaratibu unaowezekana. Na tena hakuna anayedai kila mlalamikaji aonyeshwe jalada.

Hoja inayoninyima usingizi ni nyingine. Makubaliano ya Florida yaliwapa wasichana wale njia ya kudai fidia kutoka kwa Epstein. Upande wa mashtaka ulieleza baadaye kwamba ulihofia kuwaambia, kwa sababu kama makubaliano yangevunjika na kesi ikasikilizwa, wakili wa utetezi angesimama na kuuliza: je, si kweli uliahidiwa pesa? Ushahidi wao ungechafuka. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Aliyewahi kumsindikiza msichana wa miaka 16 kwenye kizimba cha mashahidi anajua swali hilo linavyoweza kumkata miguu. Lakini angalieni dawa iliyochaguliwa. Ili kuulinda ushahidi wa mtu katika kesi, alifichwa kwamba kesi haitakuwepo. Ingewezekana kumwambia kuwa kuna mazungumzo ya kutoshtaki na kumuuliza maoni yake bila kutaja senti. Uchunguzi wa ndani wa Wizara, uliotolewa Novemba 2020, ulisema Acosta alikosa busara katika kuamua, na kwamba waathiriwa hawakutendewa kwa uwazi na kwa kuwajali. Haukuona kosa la kinidhamu.

Nimeulizwa mara nyingi: je, si kumpa mwathiriwa rungu la kuamua nani ashtakiwe? Hapana. Sheria ya 2004 inasema yenyewe kwamba haipunguzi hiari ya mwendesha mashtaka. Na si kweli kwamba kila aliyeumizwa anataka damu. Wapo wanaotaka mtuhumiwa ashtakiwe leo kabla ya jua kuzama. Wapo wanaoogopa kwamba akishtakiwa watalala njaa, au watafuatwa usiku. Wapo wanaotaka tu kujua ni lini atatoka ili wabadilishe njia ya kwenda kazini. Mwendesha mashtaka ambaye hajauliza hajui yuko na yupi kati ya hao, na anaamua kwa kukisia.

Wenzetu wa Ulaya waliingilia mlango mwingine. Uingereza, baada ya hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya mwaka 2011, waendesha mashtaka walianzisha mwaka 2013 mpango unaomruhusu mwathiriwa kuomba uamuzi wa kutoshtaki upitiwe upya. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2012 yana haki ya namna hiyo. Mpango huo ni mzuri, lakini unafaa pale ambapo "hapana" ya dola bado inaweza kugeuzwa. Dola ikishauza "hapana" yake kwa mkataba wenye saini, ikapokea malipo au kukiri kosa dogo, mtuhumiwa naye anayo haki ya kuishikilia ahadi hiyo. Mahakama zinasita kuivunja, na kwa sababu nzuri. Hivyo kama mkataba unaandaliwa, nafasi pekee ya mwathiriwa ni kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Ndiyo maana, wasaidizi wa kisheria, mtu akija kwenu msingoje namba ya kesi. Andikeni barua yenye tarehe kwa mpelelezi na kwa ofisi ya mashtaka, baki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Semeni ndani yake kwamba huyu anajitambulisha kama mwathiriwa, anataka kuarifiwa, na anaomba kusikilizwa kabla ya makubaliano yoyote, *pamoja na makubaliano ya kutoshtaki*. Tajeni maneno hayo hasa. Jibu likija na neno subira, andikeni tena siku hiyohiyo: je, kuna mazungumzo na upande wa mtuhumiwa, ndiyo au hapana?

Sasa ile ndege.

Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 302, aina ya Boeing 737 MAX, iliruka Addis Ababa kwenda Nairobi na kuanguka dakika sita baadaye. Walikufa wote 157. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Chini ya miezi mitano kabla, ndege ya aina hiyohiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka baharini Indonesia na watu 189. Jumla 346.

Tarehe 7 Januari 2021 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza mambo mawili kwa mpigo: Boeing, kampuni iliyoziunda ndege hizo, imeshtakiwa kwa kula njama ya kuilaghai Serikali kuhusu mfumo wa kuziongoza, na mashtaka hayo yamesimamishwa kwa makubaliano ya zaidi ya dola bilioni 2.5. Mashtaka na makubaliano yalizaliwa siku moja, mapacha. Familia hazikuwa zimeshauriwa. Zilipolalamika, zikajibiwa kwamba wao si waathiriwa wa kosa hilo. Aliyelaghaiwa ni mamlaka ya usafiri wa anga, kwa hiyo mwathiriwa ni Serikali yenyewe. Nimeusoma utetezi huo mara kadhaa nikitafuta kama nimeuelewa vibaya. Sikuuelewa vibaya.

Shauri hili lilikuwa Texas, eneo la Mahakama ya Mzunguko wa Tano, na huko kulikuwa na historia. Mwaka 2005 kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City kililipuka, wakafa watu 15 na zaidi ya 170 wakajeruhiwa. Serikali ilimwendea jaji kimyakimya ikaomba ruhusa ya kufunga makubaliano bila kuwaarifu waathiriwa kwanza, ikaruhusiwa. Mwaka 2008 Mzunguko wa Tano ulisema hilo lilikuwa kosa: zipo haki zinazoanza kabla ya mashtaka, na watu wale walipaswa kushauriwa kabla ya makubaliano kufikiwa. Hata hivyo haukuyafuta. Ulimrudishia jaji shauri lake, na faini ya dola milioni 50 ikabaki.

Oktoba 2022 Jaji Reed O'Connor wa Fort Worth aliamua kwamba watu wale 346 ni waathiriwa wa uhalifu kwa mujibu wa sheria, maana bila njama ile wasingekufa. Januari 2023 Boeing ililetwa mbele yake kusomewa shtaka, na ndugu wa marehemu wakazungumza kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mahakama. Lakini mwezi uliofuata akasema hana mamlaka ya kuyavunja makubaliano. Mnauona mtindo? Florida, Texas City, Fort Worth: *mlikosewa, lakini nafuu hakuna*.

Mengine niyapitie haraka. Mwaka 2024 Wizara ilisema Boeing imevunja masharti. Boeing ikakubali kukiri kosa. Jaji akakataa mpango huo Desemba. Mei 2025 pande mbili zikarudi na makubaliano ya kutoshtaki. Safari hii Wizara iliziita familia na kuzisikiliza kabla ya kutia saini. Nyingi zilipinga. Septemba zikasimama tena Fort Worth, mbele ya jaji, zikasema hivyo. Tarehe 6 Novemba 2025 O'Connor alifuta shtaka. Aliandika kwamba hakubaliani na Serikali kuwa hilo lina maslahi ya umma, lakini sheria haimpi uwezo wa kuizuia.

Wanafunzi wangu huniuliza: basi mashauriano yamewasaidia nini? Mwaka 2021 hawakuulizwa. Mwaka 2025 waliulizwa, na mara zote mbili Boeing ikaepuka kesi. Siwezi kuwaambia matokeo yalikuwa tofauti, kwa sababu hayakuwa. Nawaambia wafungue majalada mawili na kuyalaza pamoja mezani. Katika la Januari 2021 hakuna hata neno moja la familia kabla ya saini. Katika la 2025 pingamizi zao zipo, zimetangulia uamuzi, na jaji aliyezisoma alilazimika kuandika kwa mkono wake kwamba anafuta shtaka asilotaka kulifuta.